Wimbo Uliozaa Maisha: Uhakiki wa Wasifu wa Fadhili William Katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna maisha ya msanii yanavyoandikwa katika kamusi elezo ya mtandaoni, na namna mhakiki anavyoweza kuyapima yaliyoandikwa. Mfano tuliouteua ni wasifu wa Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya ambaye, kwa mujibu wa wasifu huo, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1938 na kufariki tarehe 11 Februari 2001, na ambaye jina lake limefungamana na wimbo "Malaika". Kamusi elezo tunayoizungumzia ni Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001. Msanii huyu, basi, aliaga dunia kabla kamusi hiyo haijatimiza mwezi mmoja. Yote yaliyoandikwa humo kumhusu yaliandikwa baada yake, naye hakupata fursa ya kuyakanusha wala kuyasahihisha.

Tumeuteua wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, kuna mgogoro wa miaka mingi juu ya nani hasa aliyeutunga wimbo huo, na mgogoro huo unahusu jina, heshima na pia fedha za hakimiliki. Pili, msanii mwenyewe ni mwana wa Taita, eneo ambalo huandikwa kwa mkato na waandishi walio mbali nalo, na kwa hiyo linafaa kuwa kipimo cha uangalifu wao. Aidha, wanafunzi wetu wa shahada za juu huzidi kuitumia kamusi hii kama chanzo cha kwanza, na wakati mwingine chanzo pekee, wanapotaka kueleza usuli wa mtunzi.

Ni desturi kudhani kwamba udhaifu wa maandishi ya aina hii uko katika tarehe zilizokosewa na majina yaliyoendelezwa vibaya. Udhaifu huo upo, nasi tutaugusa. Hata hivyo, dai letu kuu ni jingine. Tunashikilia kwamba katika wasifu wa Fadhili William, na katika maelezo ya wimbo wake, kuna mzunguko wa hoja: maneno ya wimbo yamezaa kisa cha maisha, kisha kisa hicho kimegeuzwa kuwa ushahidi wa nani aliyeutunga wimbo. Mzunguko huu hauwezi kugunduliwa na mhariri anayekagua tanbihi peke yake. Unahitaji usomaji wa kifasihi, na hapo ndipo mhakiki ana wajibu.

Wasifu kama utanzu

Wasifu si utanzu mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe, na akaandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Katika wasifu wa Siti sauti ya mwandishi inasikika waziwazi: anasifu, anaonya, anatoa mafunzo. Msomaji anajua ni nani anayesema naye na kwa nia gani. Akitaka kuuliza chanzo cha jambo fulani, anajua pa kuanzia, kwa kuwa mwandishi ni mmoja na ni mtu wa zama za yule anayemwandika.

Wasifu wa kamusi elezo ya mtandaoni hauna msimulizi wa aina hiyo. Umeandikwa na wengi, kwa nyakati mbalimbali, na sauti zao zimeshikizwa pamoja mpaka zikawa sauti moja isiyo na mwenyewe. Sauti hiyo husema kwa nafsi ya tatu, bila shaka wala kusita, na kutosita huko ndiko kunakoifanya iaminike. Kwa istilahi za uhakiki, tunaweza kusema kwamba ni msimulizi maizi aliyepatikana kwa kufuta wasimulizi wengine.

Kamusi yenyewe inalitambua tatizo hili na imejiwekea kanuni. Jambo lolote linalotiliwa shaka lapaswa kuthibitishwa kwa chanzo kilichochapishwa. Mwandishi haruhusiwi kuweka utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa. Na mitazamo yote yenye uzito sharti itajwe bila upendeleo. Baada ya mwaka 2005, ilipogunduliwa kwamba wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikuwa na uzushi uliokaa miezi kadhaa bila kuondolewa, masharti kuhusu wasifu wa watu walio hai yalikazwa zaidi. Wafu hawakupewa ulinzi kama huo, nao ndio wengi katika historia ya sanaa yetu.

Kipimo cha mahali: Dawida, Ronge na "karibu na Mombasa"

Tuanze na jambo linaloonekana dogo. Wasifu tunaouhakiki umezoea kusema kwamba Fadhili William alizaliwa katika Wilaya ya Taita Taveta, karibu na Mombasa. Mwandishi wa maneno hayo alitaka kumsaidia msomaji wa ng'ambo, ambaye amewahi kuisikia Mombasa na hajaisikia Voi wala Wundanyi. Msaada huo una gharama yake.

Tuchukue Ronge kuwa kipimo. Ronge ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Mwatate, na jina lake hugawanyika kufuata sura ya ardhi: Ronge Juu na Ronge Nyika. Mtu wa Ronge anayekwenda Mombasa hushuka hadi njia kuu, akafika Voi, kisha akasafiri takribani kilomita 150 kupitia Maungu, Taru na Mariakani, akiikata nyika kavu ambayo kwa karne nyingi ilikuwa kizuizi baina ya milima na bahari. Hakuna mtu wa Ronge awezaye kujieleza kwamba anaishi karibu na Mombasa. Reli iliyopita Voi ilimfungulia njia mbili, moja ya kushuka pwani na nyingine ya kupanda Nairobi, na ni katika studio za Nairobi ambako sauti ya Fadhili William ilinaswa.

Je, kosa hili lina madhara gani kwa uhakiki? Linabadilisha usomaji wa wimbo. Msomaji aliyeambiwa kwamba msanii ametoka karibu na Mombasa huuchukua Uswahili wa wimbo kuwa urithi wa mwambao, na huutia katika kundi la nyimbo za pwani bila kufikiri zaidi. Lakini katika Dawida lugha ya nyumbani ni Kidawida. Kiswahili ni lugha ya pili, ya shule, ya soko na ya safari. Kama wimbo huo ni kazi ya Mdawida, basi ni kazi iliyobuniwa katika lugha ya mawasiliano na mtu aliyekuwa na lugha nyingine kifuani. Wale waliofuatilia mjadala wa muda mrefu juu ya nini hasa ni fasihi ya Kiswahili, kama ni fasihi ya Waswahili au fasihi yoyote iliyobuniwa kwa lugha hiyo, watatambua kwamba maneno "karibu na Mombasa" yamekwisha kuchukua upande katika mjadala huo kabla haujaanza.

Jina la msanii nalo lina habari ambayo wasifu unaipita. Ameandikwa kwa ukamilifu kuwa Fadhili William Mdawida, na msomaji mgeni hudhani kwamba Mdawida ni jina la ukoo. Mdawida ni mtu wa Dawida, yaani wa kundi kubwa la milima ya Taita, kama Msagalla alivyo mtu wa Sagalla na Mkasigau mtu wa Kasigau. Majina mengi ya watu wa huko huanza kwa Mwa-, na kwayo watu hutambulishana. Ronge, ambako kila jirani ni Mdawida, kumwita mtu kwa jina hilo hakumtofautishi na yeyote. Jina la namna hii hupata maana mtu anapokuwa ugenini, katikati ya watu wa makabila mengine, ambako asili yake ndiyo alama yake. Kwa hiyo tunalisoma kuwa jina la mjini, lenye kumbukumbu ya safari ndani yake, na huo ni ushahidi wa kimatini unaokubaliana na historia ya msanii aliyefanya kazi Nairobi. Wasifu uliokuwa na ushahidi huu katika kichwa chake cha habari haukuutumia.

Tunaongeza mambo mawili ya kiutaratibu. Jina la Ronge huandikwa pia Rong'e, nayo maandishi ya Kiswahili hutofautisha sauti hizo mbili. Anayetafuta habari kwa mashine kwa kutumia umbo moja aweza kuyakosa yaliyoandikwa kwa umbo la pili, akadhani hakuna kilichoandikwa. Vilevile, kaunti zilitokana na Katiba ya mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2013. Mwandishi anayesema kwamba mtu alizaliwa mwaka 1938 katika Kaunti ya Taita Taveta ameweka utawala wa leo juu ya ardhi ya enzi za ukoloni. Makosa kama hayo humwonyesha mhakiki kwamba sentensi imeandikwa upya karibuni na mtu asiyekuwa na chanzo cha wakati husika mkononi.

Tarehe tatu na uzito wake

Katika mgogoro wa "Malaika" kuna tarehe tatu zinazobeba mzigo wote. Ya kwanza ni 1938, mwaka wa kuzaliwa kwa Fadhili William. Ya pili ni 1945, ambao ni mwaka unaotajwa na wale wanaosema kwamba wimbo ulitungwa na Adam Salim, mwanamuziki Mtanzania. Ya tatu ni mwaka wa kurekodiwa, na hapa maelezo hayakubaliani: makala juu ya msanii yamekuwa yakitaja 1963, ilhali makala juu ya wimbo yametaja 1960.

Tukizipanga tarehe hizi tunaona jinsi zinavyotegemeana. Ikiwa wimbo ulikuwapo mwaka 1945, Fadhili William alikuwa mtoto wa umri wa miaka sita au saba, na suala la utunzi wake limekwisha. Ikiwa tarehe ya 1945 haina msingi, dai la Salim hupoteza nguzo yake kuu. Kwa hiyo si haki kwa kamusi elezo kuziandika tarehe zote hizi kwa wino wa aina moja. Kila moja imetoka katika aina tofauti ya ushahidi.

Mwaka wa kurekodiwa ni jambo la santuri. Sahani ina lebo, ina nambari iliyochongwa, na kampuni iliyoitoa ilikuwa na madaftari. Tofauti ya 1960 na 1963 yaweza kuondolewa kwa kuuliza swali rahisi: ni sahani ipi inayosemwa? Fadhili William anajulikana kuwa aliurekodi wimbo zaidi ya mara moja, kwanza pamoja na Jambo Boys na baadaye tena, na studio ya Equator Sound ya Nairobi, iliyoendeshwa na Charles Worrod, ina nafasi kubwa katika kuenezwa kwake. Makala mbili za kamusi moja zikitaja miaka miwili bila kutaja sahani, hazijapingana kwa kweli. Zote mbili zimeshindwa kusema zinazungumzia kitu gani.

Mwaka wa kuzaliwa ni jambo la hati au la kumbukumbu ya jamaa. Katika miaka ya 1930 usajili wa vizazi vya Waafrika haukuwa wa lazima kote nchini. Misheni zilikuwa na vitabu vyao. Wakatoliki walikuwa Bura tangu 1892, na Waanglikana walikuwa wametangulia Sagalla tangu 1883. Lakini vitabu vya ubatizo viliwahusu waliobatizwa. Tarehe kamili, yenye siku na mwezi, kwa mtu aliyezaliwa vijijini wakati huo, yaweza kuwa sahihi kabisa, na yaweza pia kuwa tarehe iliyojazwa baadaye katika fomu ya pasipoti au ya mkataba. Mwandishi mwangalifu angesema imetoka wapi.

Mwaka 1945 ni jambo la kumbukumbu tupu. Maelezo yenyewe yanakubali kwamba aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William. Hivyo hakuna sahani ya 1945 inayoweza kuitwa shahidi. Hilo halimfanyi Salim kuwa mwongo. Nyimbo nyingi za dansi za miaka hiyo zilipigwa miaka mingi bila kufika studioni, na nyingine hazikufika kamwe. Linalotakiwa ni kwamba msomaji ajulishwe kuwa tarehe hii imesimama juu ya neno la mtu, ili aipime kama inavyopimwa kauli ya shahidi.

Mtunzi, mwimbaji na kisanduku

Kamusi elezo ya mtandaoni hupenda kuweka pembeni mwa makala kisanduku chenye nafasi za kujazwa: jina, tarehe, mahali, mtunzi, mwaka. Kisanduku ni chombo kizuri kwa haraka ya msomaji, lakini kina falsafa yake iliyofichika. Kinadai kwamba kila wimbo una mtunzi mmoja na mwaka mmoja.

Mapokeo ya ushairi na ngoma katika Afrika Mashariki yanajua utaratibu mwingine. Malenga hutunga, manju huongoza uimbaji, na wimbo ukipendwa huchukuliwa na kundi jingine, ukaongezwa ubeti, ukapunguzwa, ukabadilishwa lahani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, askari, wafanyakazi wa reli na vibarua wa mashamba ya mkonge waliichukua mitindo ya nyimbo kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, Voi na Nairobi, na kuirudisha. Katika mazingira kama hayo inawezekana mtu mmoja akawa ameanzisha wimbo, mwingine akaupa umbo tunalolijua, na wa tatu akalipeleka umbo hilo kwenye santuri. Ndiyo maana majina hayakuishia mawili. Jina la Grant Charo nalo hutajwa miongoni mwa wadai.

Hatusemi kwamba swali la mtunzi halina jibu. Sheria ya hakimiliki inahitaji jina, na fedha zikigawanywa hugawanywa kwa jina. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba wimbo huu katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M. waliutoa mwaka 1981. Angélique Kidjo aliutia katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Kila toleo lilikuwa na mahali pa kuandika jina la mtunzi, na kila jina lililoandikwa liliamua nani alipwe. Kwa sababu hiyo hasa, kamusi elezo inapojaza nafasi ya mtunzi kwa jina moja pasipo kueleza hali ya ushahidi, inatoa hukumu ambayo mahakama ingesita kuitoa.

Mali na mahari: wimbo kama chanzo cha maisha

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Visa viwili husimuliwa juu ya chimbuko la "Malaika". Katika kisa kinachomhusu Adam Salim, kijana alimpenda msichana, wazazi wa msichana hawakumridhia, na msichana akaozwa mtu mwenye mali. Katika kisa kinachomhusu Fadhili William, kijana alimpenda msichana akampa jina la Malaika, akashindwa na mahari, na msichana akaolewa na mwingine. Visa hivi hupewa uzito mkubwa na pande zote mbili. Kila upande husema: mtunzi ni huyu, kwa maana jambo hili lilimpata yeye.

Mhakiki akiviweka visa hivi pamoja na wimbo wenyewe ataona kwamba vyote viwili havina tukio la maana ambalo halimo katika wimbo au halikisiwi kwa urahisi kutokana nao. Nafsineni ya wimbo inampenda binti, inamlinganisha na malaika na ndege mdogo, inatamani kumwoa, na inasema kizuizi ni ukosefu wa mali. Anayeujua wimbo anaweza kukisimulia kisa bila kumjua mtunzi. Na ikiwa kisa chaweza kutengenezwa kutokana na wimbo, hakiwezi kuwa shahidi huru wa chimbuko lake.

Kuna dalili moja ya kimatini inayounga mkono hoja hii. Neno la wimbo ni mali. Maelezo yaliyoenea, yakiwamo ya kamusi elezo, huzungumzia mahari. Maneno haya hayafanani maana. Mali ni utajiri kwa jumla; mahari ni kitu maalumu kinachotolewa katika taratibu za ndoa, chenye kiwango kinachoafikiwa na jamaa za pande mbili. Kijana asiye na mali aweza kukosa nyumba, shamba, kazi ya kudumu au nauli. Kuyageuza yote hayo kuwa mahari ni tafsiri, tena tafsiri inayopendwa na msomaji wa nje, ambaye ameshazoea kueleza ndoa ya Kiafrika kwa neno hilo moja. Tafsiri hiyo ilipokwisha kuingia katika maelezo ya wimbo, ilihamia katika maisha ya mtunzi, na sasa msomaji anaambiwa kwamba wimbo unazungumza juu ya mahari kwa sababu mtunzi alishindwa na mahari.

Hali hii haikuanza na intaneti. Washairi-waimbaji wa Provence, kusini mwa Ufaransa, waliandikiwa wasifu fupi katika karne ya 13, na wataalamu wa fasihi hiyo wameonyesha kwamba nyingi kati yake zilichotwa katika mashairi yenyewe. Jaufre Rudel, aliyeishi karne ya 12, aliimba mapenzi ya mbali. Wasifu wake ukasema kwamba alimpenda mke wa mtawala wa Tripoli bila kumwona, akavuka bahari, akafia mikononi mwake. Nyumbani kwetu, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Mashairi mengi yamefika kwetu pamoja na visa vya matukio yaliyosemekana kuyazaa. Baadhi ya visa hivyo yana majina na mambo ambayo shairi lenyewe halina, na hivyo yana thamani ya ushahidi. Mengine hurudia tu kilichomo shairini. Mwanafunzi wa Muyaka hufunzwa kuvitenganisha. Msomaji wa "Malaika" naye ana haki ya mafunzo hayo.

Huenda ikasemwa kwamba kufanana kwa kisa na wimbo ni jambo la kawaida, kwani watu hutunga kutokana na yaliyowapata. Tunakubali. Umaskini na ndoa iliyovunjika vilikuwa vitu vya kila siku katika miaka ya 1940 na ya 1950, Taita na kwingineko, na yawezekana kabisa kwamba visa vyote viwili vilitokea. Lakini hata hivyo kimoja tu, kama kipo, ndicho kilichozaa wimbo, na ndani ya visa hivyo hakuna kitu cha kututenganishia kilichozaa na kisichozaa. Ushahidi unaowafaa wadai wote kwa kiasi kimoja haumfai yeyote.

Wapokezi na matini

Je, mhakiki afanye nini? Elimu ya Hadithi, ambayo wasomi wa mwambao wameifahamu kwa karne nyingi, hutenganisha mambo mawili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioyafikisha kwetu. Habari haipimwi kwa uzuri wa maneno yake pekee. Huulizwa: nani alisikia kwa nani, walikutana lini, na je, mlolongo umekatika mahali? Jan Vansina, katika kazi yake ya 1961 juu ya mapokeo simulizi, alifikia maswali yaliyo karibu sana na hayo kwa njia ya elimu ya historia.

Tukiutumia utaratibu huo, tanbihi ya kamusi elezo ni mpokezi mmoja tu katika mlolongo. Tanbihi ikielekeza kwenye gazeti, ni lazima kuuliza gazeti lilipata wapi. Imekuwa kawaida gazeti kuandika makala ya kumbukumbu kwa kuinakili kamusi elezo bila kuitaja, kisha kamusi elezo ikaliweka gazeti hilo kuwa chanzo chake. Hapo tanbihi kumi zaweza kuwa mpokezi mmoja aliyejirudia mara kumi. Siku hizi hata programu za akili mnemba zimefunzwa kwa maandishi ya kamusi hiyo, na mwanafunzi anayeziuliza kisha akalinganisha jibu na kamusi hajapata shahidi wa pili.

Ni haki kusema pia lililo jema. Kamusi elezo ya mtandaoni huhifadhi historia ya kila badiliko, pamoja na tarehe, na ina ukurasa wa majadiliano. Kitabu kilichochapishwa hakimwonyeshi msomaji rasimu zake. Mhakiki mwenye subira aweza kurudi nyuma katika historia hiyo akajua ni lini neno mahari liliingia, ni lini "karibu na Mombasa" iliingia, na kama ziliingia pamoja na chanzo au bila chanzo. Kisha aweza kulinganisha tarehe hizo na tarehe za magazeti yanayotajwa. Kazi hii ni ya kifilolojia, sawa na kulinganisha hati za utenzi, na inafaa kabisa kuwa zoezi la mwanafunzi wa uzamili.

Linabaki suala la ushahidi wa mdomo. Kanuni ya kutaka chanzo kilichochapishwa huwafungia nje watu wengi wanaojua. Mzee wa Ronge anayekumbuka lini aliusikia wimbo kwa mara ya kwanza, na kwa mdomo wa nani, hawezi kuandikwa katika tanbihi, hali mwandishi wa ng'ambo aliyenakili maelezo ya jalada la santuri anakubaliwa. Mwaka 2011 mradi mmoja ulioongozwa na Achal Prabhala ulijaribu, nchini India na Afrika Kusini, kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kuwa vyanzo vya kamusi hiyo. Jaribio hilo lilionyesha njia, ingawa halikuibadilisha kanuni. Vyuo vyetu vina uwezo wa kuifuata njia hiyo bila kuisubiri kamusi: mahojiano yakifanywa kwa utaratibu, yakahifadhiwa na kuchapishwa katika majarida kama hili, yanakuwa vyanzo vinavyokubalika. Mtafiti atakayekwenda Taita hana budi kuuliza maswali ambayo wimbo hauwezi kuyajibu: ulipigwa kwa chombo gani, katika ngoma ya nani, ulikuwa na beti zipi ambazo santuri haina. Jibu lisilomo katika wimbo ndilo litakalokuwa na uzito.

Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, wasifu unaostahili kuaminiwa ungeandikwa takribani hivi: Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya mwenye asili ya Dawida katika milima ya Taita, ndiye mwimbaji wa kwanza anayejulikana kuurekodi wimbo "Malaika", akiwa na Jambo Boys, na baadaye aliurekodi tena. Tarehe za sahani hizo zitajwe pamoja na nambari zake. Utunzi wa wimbo unadaiwa na zaidi ya mtu mmoja. Dai la Adam Salim linautaja mwaka 1945 kwa msingi wa kumbukumbu. Visa vya mapenzi vinavyosimuliwa na pande zote hufanana na maneno ya wimbo na haviamui mgogoro. Nafasi ya mtunzi katika kisanduku iandikwe kwamba ina mgogoro.

Maelezo hayo ni mafupi kuliko yaliyopo na hayana utamu wake. Yatampunguzia msomaji kisa kizuri. Lakini hayamdhulumu Fadhili William, ambaye haki yake ya kuwa mwimbaji wa kwanza wa santuri haihitaji kisa cha mahari ili isimame, wala hayamdhulumu Adam Salim, ambaye dai lake lastahili kupimwa kwa mashahidi. Wenye kazi ya kuwatafuta mashahidi hao, maadamu wangali hai wanaoikumbuka miaka ya 1950, ni watafiti wa idara za Kiswahili na fasihi katika eneo hili, na kila mwaka unaopita unapunguza idadi ya watu wa kuwauliza.